Maswali na majibu: Tume imekupa haki, mkurugenzi hataki kulipa

Jirani amekataa kunilipa deni la magunia ya mahindi. Niende Tume ya Haki za Binadamu? (Iringa)

Hapana. Nenda Mahakama ya Mwanzo. Swali hili linarudi kila mwezi, jamani. Someni majibu ya wenzenu kwanza.

Kufungua malalamiko ni shilingi ngapi? (Mtwara)

Bure, na wakili si lazima. Anayekudai hela ya fomu ni tapeli. Peleka nakala za nyaraka zako, zile halisi zibaki kwako.

Tume ilituona tuna haki dhidi ya halmashauri iliyobomoa nyumba zetu. Mkurugenzi anasema huo ni ushauri tu. (Morogoro)

Muulizeni kama anaijua Nyamuma. Oktoba 2001 wanakijiji wa huko Serengeti walifukuzwa, nyumba zao zikachomwa moto. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kikapeleka malalamiko Tume kwa niaba ya watu 135. Mwaka 2004 Tume ikaamua walipwe fidia, Serikali ikakataa. Mahakama Kuu nayo ikawaangusha. Hawakukata tamaa, na mwaka 2008 Mahakama ya Rufani ikasema mapendekezo ya Tume yanaweza kutekelezwa kupitia mahakama.

Kwa hiyo msikubali neno "ushauri". Sheria ya Tume, Na. 7 ya 2001, inampa mkurugenzi muda usiozidi miezi mitatu kueleza amechukua hatua gani. Akikaa kimya, rudini Tume kwa maandishi, muitake ifungue shauri. Barua ipigwe muhuri wa kupokelewa na nakala yake mrudi nayo nyumbani. Nimeona kesi nzuri zikifa kwa kukosa karatasi moja. Ila inaniuma kwamba watu waliochomewa nyumba walisota miaka saba kupata jibu hilo.

Makamishna wanateuliwa na Rais. Huo uhuru uko wapi? (Dodoma)

Huwateua baada ya kushauriana na Kamati ya Uteuzi, na Katiba inasema Tume ni huru. Lakini Sheria ya Tume inamkinga Rais asichunguzwe, tena anaweza kuamuru uchunguzi usitishwe kwa sababu kama za ulinzi wa nchi. Kifungu hicho kifutwe.

Mbona tume ya Kenya inasikika kuliko yetu? (Tanga)

Kwenye maandamano ya Juni 2024 ilitangaza hesabu yake ya waliouawa bila kuwangoja polisi. Yetu nayo inaruhusiwa na sheria kuanza uchunguzi yenyewe, pasipo mlalamikaji. Mamlaka hayo iyatumie siku ile ile mtu anapotoweka, mama yake asizunguke vituo vya polisi wiki nzima akiwa peke yake.