Vijana hawarudi kwenye kikundi cha historia ya reli? Watoeni ukumbini, wapelekeni kwenye tuta

Mkuu mleta uzi, umesema kikundi chenu cha wazee wa reli ya Kusini hapa Mtwara kinapukutika, na vijana mnaowaalika huja kikao kimoja tu. Kinachowafukuza ni kikao chenyewe. Nani atakaa saa tatu akisomewa muhtasari, halafu kazi yake iwe kupanga viti na kugawa maji?

Anzeni na tuta, yaani ule mwinuko wa udongo ambao reli ilipita juu yake. Reli ile ilijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947. Ilitoka Mkwaya, karibu na Lindi, ikaenda Nachingwea, baadaye ikaunganishwa na bandari ya Mtwara, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Treni ya kumwonyesha mtu haipo. Lipo fumbo la njia ilipita wapi, na mwenye simu mkononi anapenda fumbo.

Fungueni picha za setilaiti, mchague kipande cha kilomita 3, msizidishe. Reli haina kona kali, hupinda taratibu. Mistari ya mikorosho inadanganya maana nayo imenyooka, ila huishia mpakani mwa shamba. Tuta hukatiza mashamba ya watu bila kujali mpaka. Nendeni vijana watano na mzee mmoja. Mmoja anarekodi njia kwa GPS ya simu, mwingine anapiga picha, wawili wanashika tepu ya mita 30 kupima upana wa tuta na midomo ya kalvati, wa tano anaandika. Nafasi kati ya vyuma ilikuwa mita 1 tu, lakini tuta ni pana zaidi, msichanganye vipimo hivyo viwili.

Kabla ya kutia mguu, ripotini kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji. Watu wakiona tepu na daftari hudhani shamba linapimwa lichukuliwe, au mnatafuta mali zilizofukiwa na Mjerumani (na reli yenyewe ya Mwingereza!).

Agosti ni mwezi mzuri, nyasi zimekauka. Oktoba na Novemba msihangaike, akili za watu ziko kwenye korosho na minada. Kwa wanafunzi, pitieni kwa mwalimu wa historia mchukue kidato cha kwanza na cha tatu. Cha pili na cha nne wana mitihani ya taifa Novemba.

Kazi ya pili ni kurekodi wazee, na hii haingoji: aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1960 sasa yuko kwenye themanini. Kijana asiulize "tuambie historia ya reli", atapewa hotuba. Aulize: ulipandia wapi, ulishukia wapi, ulibeba nini, nani alikata tiketi? Feni izimwe, simu iwe kwenye hali ya ndegeni, shibiri mbili kutoka mdomoni. Picha za zamani zikitumwa WhatsApp kama picha hupungua ubora. Zitumwe kama dokumenti, na jina la faili lianze na mwaka, kisha mahali, kisha jina la kijana aliyeifanya kazi. Hilo jina msilifute.

Cheo cha "mjumbe wa vijana" kiondoeni. Mpeni kijana ukatibu kamili pamoja na nenosiri la akaunti ya kumbukumbu, na mtu wa pili awe nalo pia. Likibaki kwa mzee mmoja, siku simu yake ikidondoka baharini mnaanza upya.