Yuniti yangu nitaifanyaje iwe ya kimataifa na pesa ya safari hakuna?

SWALI: Assalam aleikum. Nafundisha uhifadhi wa urithi na utalii chuoni hapa Malindi. Idara imetwambia kila mtu yuniti yake iwe ya kimataifa kufikia muhula ujao. Nimeongeza wiki mbili za mifano ya Ulaya na kitabu kimoja cha Uingereza lakini darasa limelala, wanakariri tu. Bajeti ya kusafiri hakuna. Nakosea wapi?

JIBU: Waaleikum salaam mwalimu. Hauko peke yako, karibu kila lekchara ninayekaa naye huanzia hapo, anachukua kitabu cha nje anakibandika juu ya mtaala wa zamani, ni kama kupaka chokaa ukuta ambao bado una unyevu, haishiki. Na mtihani unabaki ule ule. Mwanafunzi anasoma kitakachompa maksi, kwa hivyo ukitaka darasa lako libadilike shika kwanza matokeo ya kujifunza na asaimenti, mifano itafuata.

Fungua mtaala wako uangalie ile sentensi ya matokeo. Nakisia inasema kitu kama "mwanafunzi aweze kueleza umuhimu wa kuhifadhi maeneo ya urithi." Sasa iandike hivi: "mwanafunzi aweze kulinganisha jinsi miji miwili ya nchi tofauti inavyoamua nani akae, nani azuru na nani alipe, kisha atetee maoni yake mbele ya mtu aliyekulia mji ule mwingine." Neno "kimataifa" halimo hata mara moja lakini hapiti bila kuifanya hiyo kazi.

Mfano unao karibu. Mji wa kale wa Lamu uliingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO 2001, Mji Mkongwe wa Zanzibar 2000, Venice kule Italia 1987. Venice 2024 walianza kutoza wageni wa siku moja yuro 5 zile siku za msongamano, wakaazi wa mkoa wao wakasamehewa. Haya, uliza darasa: tukiweka ada kama hiyo gatini Lamu, mtu wa kijiji cha Matondoni anayekuja sokoni alipe? Na aliyekuja Maulidi je? Wape dakika kumi tu uone kama kuna atakayelala, manake hapo kila mtu ana shangazi au mjomba anayeguswa na hiyo ada.

Na hili naliamini sana: usimfundishe kijana wako kana kwamba dunia iko kule na yeye yuko nje yake. Twiga alitoka Malindi akafika China 1415, na kwenye magofu ya Gede pale wamechimbua vyombo vya kauri vya China. Babu ya mwanafunzi wako huenda ni fundi anayejua boriti ya mkoko inavyobeba dari la nyumba ya mawe ya matumbawe, na Venice nayo imekaa juu ya miti iliyopigiliwa matopeni, sasa wewe niambie nani hapo atamfundisha mwenzake.

Safari hata usiwaze. Malmö kule Sweden, chuo kilichofunguliwa 1998, kilikuwa bado hakina washirika wa kupelekea wanafunzi, ndipo Bengt Nilsson akaleta wazo la kuufanya ukimataifa nyumbani, kwa wanafunzi wote na si wale wachache wenye nauli. Wewe tafuta mwalimu mmoja tu wa nje anayefundisha kitu kinachokaribiana na chako, mpange wiki tano: ya kwanza wanafunzi wajuane, kila mmoja apige picha ya mlango wa kwao aueleze kwa sauti ya WhatsApp, kisha wiki tatu za kazi moja katika vikundi vya wanne, wawili wawili kila upande, ya mwisho kila mtu aandike ni wazo gani lake lilibadilika na kwa nini. Maksi ziwe nyingi hapo mwisho. Kazi kubwa isiwe ya moja kwa moja onlaini, bando huisha na stima hupotea, mtu arekodi usiku mwenzake asikilize asubuhi.

Na angalia saa! Sisi saa zetu hazibadiliki, watu wa Ulaya Jumapili ya mwisho ya Machi wanasogeza saa zao mbele, Italia inakuwa nyuma yetu saa moja badala ya mbili. Darasa langu la kwanza na Waitaliano tuliingia saa kumi na moja jioni kama tulivyopanga, kumbe wenzetu washatungoja saa nzima wametoka. Nilikuwa na wanafunzi ishirini na mmoja wamevaa vizuri, wakatazama skrini tupu. Sasa kwenye ratiba naandika saa za pande zote mbili, kila wiki.

Kubadilisha matokeo rasmi kutapitia idara na seneti, kunachukua muda, lakini asaimenti na mifano ni yako, anza nayo muhula huu huu. Ukishaiandika ile sentensi nitumie niione.