Kuhama kwa Dharura: Gari na Familia Viwe Tayari Kabla Amri Haijatoka

Moto wa msitu unapokaribia au mto unapoanza kuvunja kingo, muda mwingi hupotelea nyumbani, gari likiwa bado limesimama. Ufunguo haujulikani uliko. Mmoja anabisha kwamba hakuna haja ya kuondoka, mwingine anapekua droo akitafuta vyeti, na tangi lina robo tu. Kila jambo hapo hula dakika 5 au 10. Yakijumlika, barabara iliyokuwa wazi imeshajaa foleni. Karibu yote hayo yanaweza kumalizwa siku ya utulivu, wiki kadhaa kabla.

Anzeni na uamuzi wenyewe. Kaeni watu wazima wa nyumba mkubaliane ni dalili gani ikionekana mnaondoka bila mjadala: maji yakifika alama fulani ya daraja, moshi ukivuka kilima fulani, au tahadhari ya kwanza ikitangazwa. Liandikeni mlilokubaliana. Nyumba yenye mtoto mchanga, mzee, mgonjwa, mtu mwenye ulemavu au mifugo iondoke kwenye tahadhari, isisubiri amri, kwa sababu kupakia kwake huchukua muda mara mbili au tatu. Kubalianeni pia nani ana neno la mwisho, na akiwa hayupo nani anashika nafasi yake. Usiku wa hatari si wakati wa kupiga kura.

Mafuta

Kanuni ni moja: tangi lisishuke chini ya nusu, na msimu wa hatari lijae kila jioni. Umeme ukikatika pampu za vituo hazifanyi kazi, na pale panapofanya kazi foleni huwa ndefu. Injini ya kawaida ya gari dogo ikinguruma tu bila kutembea hutumia karibu lita 1 kwa saa, na kiyoyozi kikiwashwa hutumia zaidi. Foleni ya saa 8 inaweza kula lita 8 hadi 10 kabla hamjaenda popote. Piga hesabu hivi: chukua mafuta ya kufika mahali pa mbali zaidi mnapokusudia kwenda, uyazidishe kwa 2, halafu ongeza hayo ya foleni.

Mafuta ya akiba yawe kwenye dumu lililotengenezwa kwa ajili ya mafuta. Dumu la maji au la mafuta ya kupikia halifai, maana hulainika, huvuja mvuke na hupasuka. Unapojaza, liweke chini ardhini. Likijazwa likiwa ndani ya buti au juu ya plastiki, cheche ya umeme tuli inaweza kuwasha mvuke. Acha nafasi juu kwa sababu mafuta hutanuka kwa joto. Lisisafiri ndani walimo watu. Petroli ya akiba imimine kwenye gari kila baada ya miezi 3 hadi 6, ujaze mpya, kwani ikikaa sana hupoteza nguvu.

Mwenye gari la umeme afuate mantiki ileile: lisilale chini ya nusu ya chaji, lijazwe msimu wa hatari, na waya wa kuchajia ukae ndani ya gari, si ukutani.

Matairi, na hasa spea

Upepo hupimwa tairi likiwa baridi, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva. Kibandiko hicho mara nyingi kina viwango viwili: cha gari jepesi na cha gari lililojaa. Siku ya kuhama gari limejaa, kwa hiyo fuata cha pili. Tairi lenye upepo pungufu likibebeshwa mzigo hupinda kupita kiasi, hupata joto na hupasuka, na hilo hutokea zaidi kwenye mwendo mrefu wa mchana. Umri wa tairi uko ubavuni, kwenye tarakimu 4 za mwisho za mstari unaoanza na herufi DOT. 2321 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2021. Tairi lililopita miaka 10 libadilishwe hata kama meno yake yanapendeza.

Sasa spea. Hii ndiyo sehemu inayoangusha wengi, kwa sababu haiangaliwi hadi siku ya shida. Badilisha tairi moja pale nyumbani, kwa vifaa vya gari lenyewe tu, mchana, bila haraka. Hapo ndipo utagundua nati zimekazwa kwa mashine ya upepo na spana fupi ya gari haizifungui. Dawa yake ni bomba la chuma la kurefusha mpini. Pengine utagundua kwamba ufunguo maalumu wa nati za kuzuia wizi haupo, au spea inayoning'inia chini ya gari imegandia kwa kutu na haishuki. Kuna na jeki: kwenye udongo laini huzama badala ya kuinua gari, kwa hiyo beba kipande cha mbao cha sentimita 30 kwa 30, unene wa sentimita 2 au zaidi. Nati zilegeze gari likiwa bado chini, ndipo uinue. Kama spea yenu ni ile nyembamba ya muda, isome: nyingi huhitaji upepo wa psi 60 na hazitakiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa.

Betri na joto la injini

Pima betri asubuhi, kabla ya kuwasha gari. Volti 12.6 ni betri iliyojaa, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, na chini ya 12.0 usiitegemee. Gari likishawaka, magari mengi huonyesha kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12, altaneta (jenereta ya gari inayochaji betri) haichaji. Betri nyingi huishi miaka 3 hadi 5, na joto kali huufupisha umri huo.

Beba nyaya nene za kubusti, yaani za kuwashia gari kwa betri ya gari jingine. Nyaya nyembamba hupata moto na gari haliwaki. Mpangilio ni huu: nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, ncha yake ya pili kwenye chanya ya betri nzima, kisha nyeusi kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri. Cheche hutoka kwenye ncha hiyo ya mwisho, na betri hutoa gesi inayoweza kulipuka.

Feni ya rejeta nayo ina hila yake. Gari likikimbia, upepo wa barabarani huipoza injini hata kama feni imekufa, na dereva hajui. Ikija foleni ya saa 3, linachemka. Kwa hiyo lijaribu: liache likinguruma limesimama hadi mshale wa joto utulie katikati, na usubiri usikie feni ikianza yenyewe. Likichemka barabarani, zima kiyoyozi, washa hita hadi mwisho ili itoe joto kwenye injini, kisha egesha na uzime. Kifuniko cha rejeta usikifungue kikiwa cha moto, hata kwa kitambaa.

Uzito: hesabu isiyofanywa

Gari lina kikomo cha mzigo, na watu wamo ndani ya kikomo hicho. Tuseme kibandiko kinasema kilo 400. Watu 5 wakiwa na kilo 300 kwa pamoja, zimebaki 100. Maji ya kutosha ni takriban lita 4 kwa mtu kwa siku. Kwa watu 5 na siku 3 hiyo ni lita 60, yaani kilo 60. Mmebakiwa na kilo 40 za chakula, nguo, dawa na vifaa. Ndiyo maana televisheni haiingii.

Maji yagawanywe kwenye vyombo vya lita 5. Dumu moja la lita 20 ni zito kwa watoto na wazee, na likitoboka mmepoteza yote. Vitu vizito vikae chini, vikiegemea mgongo wa kiti cha nyuma. Juu ya keria pandisha vyepesi pekee: keria za magari mengi madogo haziruhusiwi kuzidi kilo 50 hadi 75, na mzigo wa juu hulifanya gari liyumbe kwenye kona. Kitu chochote kilicholegea ndani huruka kama jiwe breki ikikanyagwa ghafla, hata sufuria.

Chakula kiwe kisichohitaji kupikwa wala kuleta kiu. Na jiko la mkaa lisiwashwe ndani ya gari kwa sababu yoyote, hata madirisha yakiwa wazi kidogo. Gesi yake haina harufu, na huua watu usingizini. Vivyo hivyo, gari lisingurume ndani ya banda lililofungwa wakati wa kupakia.

Mabegi na watu

Kila mtu begi lake, na la mtoto lisizidi sehemu ya kumi ya uzito wake. Ndani: nguo za kubadilisha, kitu cha kujifunika, tochi, filimbi, na karatasi yenye majina na namba za simu. Viatu vya kufunika vidole vikae kando ya kitanda. Watu hutoka na kandambili, kisha hujikuta wakitembea juu ya vioo na matope.

Dawa za kila siku ziwe za siku 7 au zaidi, pamoja na nakala ya cheti cha daktari. Insulini isiyofunguliwa huhifadhiwa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Ibebeni kwenye chombo cha baridi, mkiifunga kwa taulo isigusane na barafu, kwa sababu ikiganda imeharibika. Vyeti, hati za nyumba na bima vipigwe picha, na nakala za karatasi ziingie kwenye mfuko usiopitisha maji. Fedha taslimu ziwe noti ndogondogo. Mashine za kadi hazifanyi kazi bila umeme, na chenji huwa haipo.

Chagueni sehemu mbili za kukutana: moja karibu na nyumba, nyingine nje kabisa ya eneo la hatari. Chagueni pia ndugu mmoja aishiye mbali, ambaye kila mtu atamtumia taarifa. Laini zikilemewa, ujumbe mfupi hupita pale simu inapogoma. Watoto waikariri namba yake kichwani, maana simu yenye namba zote ndiyo ya kwanza kupotea. Kuhusu shule, ulizeni mapema watoto huhamishiwa wapi na nani ameandikishwa kuwachukua. Bila makubaliano hayo, wazazi wawili hukimbilia shule moja kutoka pande mbili, na mzee aliyebaki nyumbani hana wa kumchukua.

Halafu fanyeni zoezi. Pakieni gari lote mara moja kwa mpangilio mzuri, lipigeni picha buti likiwa wazi, na mbandike picha hiyo ndani ya mlango wa kabati panapokaa mabegi. Orodha ziwe mbili: ya dakika 5 na ya dakika 30. Katika ya dakika 5 mna watu, dawa, mfuko wa hati, maji na ufunguo, basi. Rudieni zoezi usiku, taa zimezimwa, na saa mkononi. Lango la umeme lifunguliwe kwa mkono angalau mara moja, mjue kishikizo chake kiko wapi. Na kila jioni gari liegeshwe likitazama barabara.

Mkiwa njiani

Jueni njia mbili, na zote mziendeshe siku ya kawaida. Ramani isiyohitaji intaneti ihifadhiwe kwenye simu, na nyingine ya karatasi ikae kwenye dashibodi.

Maji yanayotembea yasichezewe. Sentimita 15 hufika tumboni mwa magari mengi madogo na kumnyima dereva udhibiti, 30 huyaelesha mengi ya hayo, na 60 huchukua karibu gari lolote, likiwemo refu la safari za porini. Injini ikizimika ndani ya maji usijaribu kuiwasha tena. Ikiwa imevuta maji kwenye silinda, pistoni hugonga kitu kisichobanika, na vyuma vya ndani hupinda. Gari likianza kuelea: mikanda, madirisha, watoto, tokeni, kwa mpangilio huo na ndani ya dakika ya kwanza. Nyundo ya kuvunjia kioo ikae mkononi mwa dereva, na apige pembeni mwa kioo cha ubavuni. Kioo cha mbele kina tabaka la plastiki, hakivunjiki kwa namna hiyo. Baadhi ya magari mapya yana vioo vya ubavuni vya aina hiyo pia, kwa hiyo someni alama kwenye kona ya kila kioo leo.

Kwenye moshi, fungeni madirisha, wekeni hewa izunguke ndani, na washeni taa za mbele. Gari likianza kukosa nguvu, huenda majivu yameziba chujio la hewa ya injini. Likung'uteni pakiwa salama. Moto ukiwazuia njia, simameni pasipo na nyasi wala miti, mwiname chini ya usawa wa madirisha, mjifunike blanketi la sufu. Yale ya nailoni huyeyuka na kushika ngozi.

Mkifika, mtumieni ujumbe yule ndugu wa mbali kabla ya kushusha chochote. Kisha jazeni tangi, rudisheni maji yaliyotumika, na geuzeni gari litazame barabara, kwa maana moto na mafuriko hubadili mwelekeo na huenda mkatakiwa kuhama tena usiku huohuo.