Mnunuzi Hayupo: Kwa Mnaoanza Kununua Hisa za Kampuni Ndogo

Kila malipo ya korosho yakiingia hapa Newala, dukani kwangu huja watu wa aina mbili. Wa kwanza wanataka bati. Wa pili ni vijana wenye simu mkononi: "Mjomba, eti hisa zinalipa?" Hawa wa pili nawajibu kwa kuandika, maana dukani sipati dakika kumi za kuongea bila kukatizwa.

Mwaka 2016 niliweka shilingi 1,800,000 kwenye kampuni ndogo moja iliyoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Jina nalihifadhi. Ilikuwa kwenye lile dirisha la kampuni changa, EGM, lililofunguliwa 2013, ambalo haliidai kampuni iwe imeshaonja faida. Mimi nilisikia "Soko la Hisa" nikadhani yote ni mamoja. Ni sawa na mtu aseme korosho ni korosho, bila kuuliza daraja wala unyevu.

Bei ikaanza kuteremka. Nikampigia dalali wangu Dar aniuzie kwa bei niliyoiona gazetini. Akaweka oda. Wiki ya kwanza kimya, ya pili kimya. Ya nne nikampigia kwa ukali kidogo, naye akanisomea kilichokuwa kwenye skrini yake: upande wa wauzaji tumejipanga foleni, upande wa wanunuzi hakuna hata mmoja. Ile bei ya gazetini ilikuwa ya mara ya mwisho watu kuuziana, na zamani hiyo ilikuwa imeshapita.

Sisi tumezoea mnada. Bei zikisomwa na zisitupendeze, wakulima tunagoma, korosho zinabaki ghalani, wanunuzi wanarudi siku nyingine. Anayegoma ni muuzaji. Kwenye hisa hizi anayegoma ni mnunuzi, wala hapigi kelele, haji tu. Ndiyo maana siku hizi nikifungua taarifa ya soko naruka safu ya bei, naanza na idadi ya hisa zilizouzwa. Nikikuta sifuri, sifuri, 40, sifuri, nafunga simu naendelea na bati zangu.

Lakini hayo bado hayakuwa kosa lenyewe. Kampuni kuanguka si dhambi ya aliyenunua. Ndogo nyingi huanguka, na ikifilisika wenye hisa ndio wa mwisho kwenye foleni, baada ya wadai wote. Kosa nililifanya baada ya kuona hasara.

Nilinunua nyingine. Hesabu ilikuwa tamu: nilinunua ghali, sasa ni rahisi, nikiongeza wastani wangu unashuka, bei ikipanda kidogo tu natoka salama. Nikaongeza 700,000. Wakati ule mimi peke yangu ndiye mnunuzi aliyepatikana sokoni, na sikujiuliza kwa nini! Tena hela yenyewe ilikuwa ya salfa, dawa ya kupuliza mikorosho. Juni ikaingia, mikorosho ikaanza kuchanua, mimi nina mifuko miwili. Nikapuliza mara mbili, basi. Ugonjwa wa ubwiri unga ukakaa juu ya maua kama mtu kamwaga sembe. Jirani yangu akavuna, mimi nikaokota. Hasara ya hisa nikaihamishia shambani kwa mikono yangu mwenyewe.

Kwa hiyo hisa zako zikishuka bei, kaa na kalamu kabla ya kufanya lolote. Mtaji uliopungua nusu hauhitaji kupanda nusu ili urudi, kilichobaki kinahitaji kuwa mara mbili yake. Uliopungua asilimia 80, kilichobaki kinahitaji kuwa mara tano yake. Ukiona hesabu hiyo imeandikwa, ile hamu ya "kuikomboa" hela inapoa. Kisha jiulize swali moja: kama leo ningekuwa sina hata hisa moja ya kampuni hii, ningeinunua? Kama jibu ni hapana, usiongeze, na kama kuna mnunuzi, muuzie.

Mimi sasa nina daftari la kurasa 96. Kabla ya kununua naandika sababu na kitu kitakachonifanya niuze, kwa mfano kampuni ikichelewesha hesabu zilizokaguliwa. Hesabu zikichelewa soko laweza kusimamisha hisa zisiuzwe kabisa, na hapo hata wa kumpunguzia bei humpati. Nikianza kujidanganya, mwandiko wangu unanisuta.

Jambo gumu zaidi lilikuwa nyumbani. Mama watoto nilimficha miezi minane. Nilikuwa naamka saa tisa usiku naangalia bei, kana kwamba soko linafanya kazi usiku. Nilipomwambia hakupiga kelele. Aliuliza ni shilingi ngapi, nikataja, akanyamaza, akaendelea kubangua korosho zake. Kesho yake tukapanga madeni pamoja. Usingizi ulirudi kabla ya hela, na hela yenyewe mpaka leo haijarudi.

Ukishapata hasara watakutafuta pia wale wa makundi ya simu wanaoahidi kurudisha ulichopoteza. Dalali halali ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Asiye nayo mpe salamu umpitishe.

Hisa zangu nyingi bado ninazo. Mwezi uliopita dalali alinitumia ujumbe: zimepata mnunuzi hisa 50. Baada ya ada ikabaki nauli ya kwenda Masasi. Ya kurudi nijitafutie. Nikamwonyesha mama watoto ule ujumbe, akausoma mara mbili.

"Na hizo nyingine?"

Nikamwambia oda ipo.