Maswali na majibu: Acheni kujumlisha 622

Shikamoo. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya mwaka 500 Hijria. Nikijumlisha 622 napata 1122. Mbona vitabu vinasema 1107? (Mwanafunzi, Tanga)

Marahaba, mwanangu. Swali hili naletewa kila mara, na kosa ni lilelile. Hijria ilianza mwaka 622 Miladia (yaani BK), ni kweli, lakini mwaka wake hufuata mwezi mwandamo: siku 354 au 355, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku kama 11. Miaka 33 ya Hijria ni karibu 32 ya Miladia, na ndani ya karne tano pengo hufika miaka 15. Zidisha 500 kwa 0.97, upate 485, ndipo ujumlishe 622.

Hata hapo usikimbilie kuandika. Mwaka 500 ulianza Septemba 1106 ukaisha Agosti 1107. Tunajua ni 1107 kwa sababu aliyechonga alitaja mwezi, Dhulqaada, ambao ni wa kumi na moja. Angeuacha, tungebaki na 1106/1107. Basi unaponakili jiwe la kaburi au la msikiti, chukua siku, mwezi na mwaka kama vilivyo, na hesabu yako iweke pembeni. Wengi huandika Miladia peke yake na kuitupa tarehe ya asili. Wakikosea, hakuna wa kuwasahihisha. Na ninyi mnaokarabati misikiti ya kale, tafadhalini, pigeni picha maandishi yote kabla ya kugusa chokaa.

Kulikuwa na mwaka sifuri?

Hapana. Baada ya 1 KK ni 1 BK, kwa hiyo toka 10 KK hadi 10 BK ni miaka 19.

Babu alizaliwa "wakati wa Vita vya Mjerumani". Kwenye shajara ya ukoo niandike 1 Januari 1914? (Tabora)

Usithubutu. Vita hivyo vilianza Agosti 1914, kwa hiyo tarehe yako imetangulia vita vyenyewe! Andika "kati ya Agosti 1914 na Novemba 1918", kisha waulize wazee: alizaliwa kabla au baada ya Wabelgiji kuingia Tabora? Hiyo ilikuwa Septemba 1916, na jibu moja tu litakupunguzia nusu ya muda huo. Hizi Januari mosi za kubuni zimejaa kwenye vyeti vya wazee wetu, na wajukuu wanaziamini.

Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi, Unguja, huwa Julai. Kwani si mwaka wa Kiislamu?

Si wa Hijria. Ni Nairuzi, mwaka wa jua wenye asili ya Uajemi: miongo 36 ya siku kumikumi, na siku tano juu yake. Ramadhani huzunguka majira yote, ilhali kusi na kaskazi hufuata jua, ndiyo maana mabaharia na wakulima walishika hesabu hii. Wanaouona kama tamasha la watalii tu wanaupunja, maana hii ni kalenda ya kazi.

Mtoto kazaliwa Alhamisi saa mbili usiku. Bibi anashikilia ni Ijumaa.

Bibi yuko sahihi: kwake siku huanza Magharibi, jua linapotua. Kwenye cheti andika Alhamisi. Akika, ile sadaka ya kuchinja ya siku ya saba, ihesabuni kwa siku ya bibi.