Maswali ya wasomaji: Mtoto anasoma ngano, au anaighani?

Safari hii barua nyingi zimetoka kwa walimu wanaotumia ngano na visaasili (visa vinavyoeleza asili ya watu na mambo) kufundisha kusoma. Tumechagua tano.

Nafundisha darasa la pili. Kisa cha Kima na Papa wanakipenda kupita kiasi. Nimekiandika ubaoni, lakini wakisoma macho yako kwangu au dirishani, na maneno yanatoka yote bila kosa. Juzi nilifuta sentensi ya tatu, wakaisoma vilevile. Nifanyeje?
*Mwalimu, Kondoa*

Mwalimu, hao hawasomi, wanaghani, yaani wanatoa kichwani walichokariri. Ngano imetengenezwa ishike masikioni, na kwa watoto wako imeshika. Usiitupe. Kinachotakiwa ni maandishi yanayomlazimisha mtoto kuangalia.

Kwa wasiokijua kisa: kima anaishi juu ya mkuyu kando ya bahari, anamrushia papa matunda kila siku. Papa anamwalika kwao, anambeba mgongoni. Katikati ya bahari anamfunulia kwamba sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kuwa moyo ameuacha mtini, kwa hiyo warudi wakauchukue. Akifika pwani anapanda juu, na hashuki tena.

Siku ya kwanza simulia tu, bila ubao wala kitabu, kwa dakika kama kumi. Siku ya pili tundika maandishi yenye sentensi nane, lakini ndani yake uwe umebadilisha maneno matatu. Waambie watoto, “Humu nimeficha maneno matatu ambayo si ya hadithi yetu. Yatafuteni.” Siri iko kwenye kuchagua maneno ya kubadilisha: yaanze kwa silabi ileile. Andika *paka* badala ya *papa*, *mkunazi* badala ya *mkuyu*, *moto* badala ya *moyo*. Ukiandika *ng’ombe* badala ya *papa*, hata mtoto anayetazama herufi ya kwanza tu atakugundua. Lakini *moto wa kima* haugunduliwi mpaka jicho lifike kwenye silabi ya pili. Anayeghani atasema *moyo* na kupita, anayesoma atakwama, kisha atacheka.

Usizidishe matatu. Ukibadilisha maneno sita hadithi inavunjika, na msomaji dhaifu anapoteza mhimili pekee aliokuwa nao, yaani kujua kisa kinaelekea wapi. Kosa jingine ni kuruhusu wenye sauti kubwa wapige kelele mara tu wanapoliona neno. Weka sharti: ukiliona, nyamaza, inua kidole. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi, ndipo umwite mmoja aje aguse neno kwa kijiti na kulisoma.

Siku ya tatu andika sentensi zilezile nane kwenye vipande vya karatasi, kipande kimoja kila sentensi, uvichanganye. Mtoto achukue kimoja na kukisoma bila kujua kilichotangulia. Hapo kughani hakumsaidii. Wakishasoma, wasimame mbele kwa mpangilio wa kisa.

Ngano zilizomo vitabuni ni ndefu na Kiswahili chake ni kigumu kwa darasa la kwanza. Nikizifupisha zinakosa ladha. Kuna kipimo?
*Mwalimu, Sengerema*

Kinachowakwamisha wanao si urefu wa ngano peke yake, ni vitenzi vyake. Msimulizi hutembea kwa *-ka-*: akaenda, akamwona, akamwambia, wakamchukua. Masikioni ni utamu. Kwenye karatasi, *akamwambia* ni silabi tano, na katikati kuna *mwa* na *mbi* zimefuatana. Mtoto aliyetoka kujifunza *ba be bi bo bu* akifika katikati ya neno ameshasahau mwanzo wake. Kwa anayezungumza Kisukuma nyumbani kazi ni mara mbili, kwa sababu neno lenyewe huenda hajalizoea hata masikioni.

Basi gawa kazi. *Akamwambia* ibaki mdomoni mwako unaposimulia. Kwenye maandishi ya darasa la kwanza tumia *alisema*, *alikuja*, *alimpa*. Pia usijaribu kuandika ngano nzima. Chukua tukio moja. Mwanzo wa Kima na Papa unaweza kuwa hivi:

*Kima alikaa juu ya mkuyu. Papa alikaa baharini. Kima alikula kuyu. Papa alisema, “Nipe kuyu.” Kima alimpa. Kila siku papa alikuja. Kila siku kima alimpa kuyu.*

Hayo ni maneno 26, lakini yaliyo tofauti ni 15 tu. Ndicho kipimo tunachokipendekeza: karibu nusu ya maneno yawe ya kurudiarudia. Ladha unayosema imepotea ilikuwa kwenye sauti yako, na sauti yako bado ipo. Simulia mpaka papa anapoomba tunda, nyamaza, waache wao wasome sehemu hiyo, kisha endelea kusimulia.

Darasa la pili, muhula wa mwisho, rudisha *-ka-* kwa neno moja linalojirudia. Liandike ubaoni limekatwa: *a-ka-mwa-mbi-a*. Wakishalizoea hilo, *akamwita* na *akamwona* hayawatishi.

Nina watoto 84 na vitabu sita. Ngano nitazisomeshaje?
*Mwalimu, Mkuranga*

Kwa bango. Kama karatasi ngumu za manila ni ghali, tafuta mifuko ya saruji ya karatasi (ile ya plastiki iliyofumwa haifai). Ikung’ute nje, mbali na watoto, ukiwa umeziba pua kwa kitambaa. Kata kwenye mishono, tenganisha tabaka. La ndani kabisa lina vumbi, yanayofuata huwa safi. Ukilaza usiku mmoja chini ya vitu vizito mikunjo inapungua.

Herufi ndogo kama *a* na *o* ziwe na urefu wa sentimita 4, na kati ya mstari na mstari acha sentimita 10. Bango moja lichukue mistari sita, saba ikizidi. Tumia kalamu ya maka nyeusi au ya bluu. Nyekundu inapendeza ukiwa karibu, lakini kwenye karatasi ya kahawia aliye nyuma haioni. Kabla watoto hawajaingia, nenda kasimame kwenye ukuta wa nyuma usome mwenyewe.

Kisha gawa darasa kwa safu: safu moja kima, nyingine papa, nyingine msimulizi, ya nne kiitikio. Pembeni mwa kila mstari chora alama ya wanaousoma: duara, pembetatu, mraba, nyota. Safu isome mistari yake kimyakimya kwanza, ndipo wote wasome kwa sauti. Ukiruka hatua hiyo ya kimya, watoto watatu watasoma na waliobaki watafuata kama mwangwi. Zungusha nafasi kila siku, maana safu ya msimulizi ndiyo inayosoma zaidi kuliko zote.

Kiitikio chenyewe unacho tayari. *Paukwa! Pakawa!* inafaa kabisa kwenye kadi: moja imeandikwa *Sahani*, nyingine *ya mchele*, moja *Giza*, nyingine *la mwizi*. Mwenye kadi amtafute mwenzake. Watoto watunge jozi zao, nawe utaona wenyewe wanaanza kubishana kama ni *ya* au *la*. Sarufi hiyo wameipata bila kutajiwa ngeli.

Na kila mtoto aondoke na kijitabu chake. Karatasi moja ya A4 inatoa kurasa nane bila gundi wala pini. Ikunje nusu mara tatu, uifungue: utaona vyumba vinane. Sasa ikunje nusu mara moja tu, ncha fupi kwa ncha fupi. Kata kwa mkasi kuanzia *upande wa mkunjo*, ukifuata mstari wa katikati, na usimame ulipofika nusu. Fungua, ikunje kwa urefu, shika ncha mbili uzisukume zikutane: tundu la katikati linafunguka na kurasa zinajipanga. Wengi huharibu kwa kukata kuanzia upande ulio wazi. Wakifungua wanakuta pembeni kumechanika na katikati kuzima. Jalada, kurasa sita za kisa, mgongo. Sentensi moja kila ukurasa, na mchoro.

Mzazi amelalamika kwamba kisa cha Kintu na Nambi kinapingana na dini na kwamba kinawatisha watoto kwa habari za kifo. Nifundishe gredi ya tano nini badala yake?
*Mwalimu, Busia*

Kabla ya kukiacha, angalia ulikisomaje. Kisaasili kikisomwa kama ngano ya sungura, watoto hawajui wakiweke wapi. Anza kila mara kwa kutaja wenyewe: “Baganda husimulia kwamba...” Nambi, binti wa Ggulu wa mbinguni, anakubaliwa kuolewa na Kintu, mtu wa kwanza duniani. Wanaonywa waondoke upesi wala wasirudi nyuma kwa lolote, asije Walumbe, yaani kifo, akawafuata. Njiani wanakumbuka ulezi wa kuku, wanarudi kuuchukua, na Walumbe anawaona. Swali la kusoma si “Je, ni kweli?” Ni hili: sentensi gani ilituonya mapema? Watoto warudi kwenye maandishi na kuipigia mstari. Hapo mzazi ataona kwamba ni kazi ya kusoma na kuelewa, si mahubiri.

Kuhusu hofu, usikiweke kipindi cha mwisho cha siku, na usiwaachie kwenye ukurasa ambapo Walumbe anaingia. Maliza kisa kipindi hichohicho.

Mzazi akishikilia msimamo wake, msibishane. Hamia kwenye visakale, yaani visa vya mashujaa wa kale, ambavyo kwa gredi ya tano na sita sisi tunaona vina nyama zaidi. Weka bega kwa bega Fumo Liyongo wa pwani na Lwanda Magere wa Waluo. Liyongo hauawi ila kwa sindano ya shaba kitovuni; Magere mwili wake ni jiwe, na udhaifu wake uko kwenye kivuli. Siri ya Liyongo inatolewa na mwanawe, ya Magere na mke aliyetoka kwa maadui. Liyongo anakufa amepiga goti na upinde mkononi, na watu wanaogopa kumkaribia wakidhani yu hai. Magere anageuka jiwe.

Chora jedwali la safu mbili na maswali manne: nguvu yake ni nini, udhaifu uko wapi, nani aliujua, alifikwa na nini? Kila jibu liandikwe pamoja na namba ya aya lilikotoka. Bila namba, watoto wanaovijua visa hivi nyumbani watajaza jedwali zima bila kusoma mstari. Na kwa kuwa visa hivi husimuliwa kwa namna mbalimbali, atakayesema “babu hakusema hivyo” aandike sentensi ya babu kando ya ile ya kitabu. Usimsahihishe.

Mwanangu ana miaka tisa, tunaishi Ohio. Kiswahili anaelewa lakini anakisoma kwa Kiingereza: “kima” anaita “kaima”. Ngano zitamsaidia?
*Mama wa mtoto mmoja, Marekani*

Zitamsaidia, dada, ila anza na irabu. Wiki ya kwanza ni *a e i o u* tu, kila moja na sauti yake moja isiyobadilika, kisha silabi. Mtoto wa miaka tisa anayesoma tayari hahitaji miezi.

Halafu mwombe bibi yake asimulie ngano kwenye simu na amtumie sauti isiyozidi dakika mbili. Sikiliza wewe, uandike sentensi sita au saba *kama alivyozisema*, hata kama bibi anasema *nkaenda* au *akanambia*. Ukizisafisha, sauti na maandishi vitapishana na mtoto atapotea. Acheze sauti huku kidole kikipita chini ya maneno. Mara ya pili apunguze sauti. Mara ya tatu asome peke yake, ajirekodi, amtumie bibi.

Atakwama kwenye *ng* na *ng’*. Mwandikie *ngoma* na *ng’ombe* kwenye kadi mbili, azibandike mlangoni kwa friji. *Dh* ya *dhahabu* haitamsumbua sana, ni ile anayoitamka kila siku kwenye *this*. *Gh* ya *ghali* itachukua muda zaidi. Usimkatize anaposoma, ngoja amalize sentensi.