Postikadi za vyuo za marehemu babu: usipeleke laminesheni

Ndugu yangu wa Kikuyu hapa Dodoma, umesema umekuta postikadi tisa za Makerere na Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) kwenye sanduku la marehemu babu, na unataka kuzipeleka laminesheni zisiharibike. Tafadhali usithubutu. Mimi niliwahi kupeleka moja stationari. Ile gundi ya plastiki ya laminesheni ikishayeyuka kwa moto haitoki tena, na kadi imekufa kabisa kwa mkusanyaji.

Kwanza zigeuze. Nyuma ndiko kwenye utamu. Stempu iliyoandikwa Kenya, Uganda, Tanganyika ni ya zamani kuliko ya Kenya, Uganda, Tanzania. Muhuri wa posta ukisomeka, usiufute wala usibandue stempu. Kama kadi ya Mlimani inaonyesha majengo, basi haiwezi kutangulia 1964 kwa sana, maana chuo kilianza 1961 mjini Dar kabla ya kuhamia kule kilimani. Chukua lenzi: ukiona vidotidoti ni ya kiwanda cha uchapaji, rangi ikiteleza bila doti, huenda ni picha halisi iliyosafishwa.

Vumbi letu la Dodoma unalijua. Bahasha safi za karatasi, boksi la viatu, kabatini mbali na jua. Maelezo andika kwa penseli, tena kwenye bahasha.

Za UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, usihangaike kutafuta za kale, kimeanza 2007. Ila ukipata ya shule ya sekondari ya Mazengo, kilipo Chuo Kikuu cha St. John's sasa, nitafute kabla hujauza.